"Kuseti" Rimoti: Neno Moja, Matendo Mawili

Mkazi wa Ulemo, wilayani Iramba, akinunua rimoti ya vyombo vyote kwa ajili ya sabufa yake, huambiwa "aiseti". Neno hili huchanganya matendo mawili. La kwanza ni kuingiza namba ya chombo iliyoorodheshwa kijitabuni. Sabufa isipoorodheshwa, hubaki la pili: rimoti mpya, ikiwa ina uwezo huo, huelekezewa ile ya awali, nayo hunakili mapigo ya mwanga usioonekana kwa macho, kitufe baada ya kitufe.

Tunapendekeza la kwanza liitwe "kutambulisha" chombo, na la pili "kufunza" rimoti. Asiyeijua tofauti hii huweza kuitupa rimoti ya awali, ambayo ndiyo mwalimu. Kama "king'amuzi" kilivyotokana na "kung'amua", istilahi hizi nazo zatokana na kitendo chenyewe.