Mgeni wa Manyema: Waingereza Kabambare na Kasongo, 1869–1893

Mtu aliyehama kwao akaenda kukaa shamba katika nchi ya watu, hata awe na cheo na elimu kiasi gani, huamka kila asubuhi na maswali yale yale: atakula nini, atalala wapi, fedha aliyokuja nayo inapokewa hapa au haipokewi, barua zake atapewa nani azipeleke, na akiugua ni nani atakayemwuguza. Waingereza wachache waliofika Manyema ya kusini katika karne ya kumi na tisa husifiwa vitabuni kwa mito waliyoipima na ramani walizozichora. Bali mwenye kuzisoma shajara zao kwa utuo atakuta kurasa nyingi zinazosimulia unga, miguu, wino na posho ya watumishi. Na kurasa hizo ndizo zinazonivuta, kwa sababu ndizo zinazowaonyesha wenyeji wa nchi hii wakifanya kazi ambayo haikuchorwa katika ramani yoyote, yaani kumlisha mgeni, kumlaza, kumbeba na kumtibu. Na baadhi ya waliofanya wema huo walikuwa ndio wale wale waliokuwa wakiifanyia nchi dhuluma kubwa.

Aliyekaa muda mrefu kuliko wote ni David Livingstone, Mskoti aliyezaliwa Blantyre mwaka 1813. Alifika Ujiji mwezi wa Machi 1869 akiwa taabani kwa ugonjwa wa mapafu, amelazwa juu ya kitanda kilichobebwa na watu, na kitanda hicho alikuwa ametengenezewa na mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Muhammad bin Gharib, ambaye yeye katika shajara humwita Mohamad Bogharib. Sanduku lake la dawa lilikuwa limekwisha kuibwa tangu Januari 1867, na mtu asiye na dawa katika safari ya namna ile hana budi kuegemea ihsani za wenziwe. Basi alipopata nafuu na kutamani kuvuka ziwa kwenda kuutafuta mto Lualaba, ambao alidhani huenda ukawa chimbuko la Nili, aliondoka Ujiji tarehe 12 Julai 1869 kwa kufuatana na msafara wa Muhammad huyo huyo, na tarehe 21 Septemba wakawasili Kabambare. Jumbe Moenekuss alikuwa amefariki punde kabla yao, na wanawe wawili ndio walioshika mahali pake.

Nchi aliyoikuta haikuwa pori la njaa. Aliona vijiji vyenye nyumba za mraba, kuta za udongo, zimepangwa kwa mistari iliyonyoka, na kuni zimepangwa vizuri ndani. Aliona mihogo, mahindi, karanga, ndizi na miwa, na mawese ya kupikia. Lakini wingi wa chakula katika soko si wingi wa chakula katika chungu cha mgeni, kwa kuwa mgeni hununua kwa kile alichokuja nacho, na sarafu ya huku haikuwa paundi ya Uingereza wala reali ya Unguja. Ilikuwa ushanga wa rangi na ukubwa unaopendwa na kijiji kile hasa, na nguo za merikani, pamoja na viramba, yaani vitambaa vinavyofumwa kwa nyuzi za mwale. Ushanga uliochaguliwa vibaya huko Unguja, miezi mingi na majira mengi nyuma, hufika Manyema ukawa ni mzigo mtupu mabegani mwa wachukuzi, na mwenye mali hiyo akalala na njaa mbele ya ghala zilizojaa. Wako hata leo wageni wanaokuja Kasongo wakidhani kwamba fedha ni fedha popote, hata watakapofika mahali ambapo mwenye kuku hataki noti iliyochanika pembe!

Dhiki yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa miguu. Mwezi wa Juni 1870 alitoka tena kuelekea mtoni, amebaki na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner, maana waliosalia walikuwa wamekataa kumfuata. Akatembea katika tope na maji mpaka nyayo zikafanya madonda yasiyofunga, akalazimika kurudi Kabambare tarehe 22 Julai. Hapo aliingia katika kibanda chake, na hakutoka mpaka tarehe 10 Oktoba, siku themanini kamili. Madonda ya aina ile, kama alivyoyaeleza mwenyewe akiwa daktari, huila nyama na mishipa mpaka yakafika mfupani, na katika kambi za wafanyabiashara kilio cha watumwa walioshikwa nayo kilikuwa ni miongoni mwa sauti za usiku. Dawa iliyomfaa haikutoka London. Ilikuwa ni lile jiwe la kijani litokalo katika madini ya shaba: lilisuguliwa juu ya jiwe jingine kwa maji kidogo mpaka likawa kama uji mwepesi, kisha uji ule ukapakwa juu ya donda kwa unyoya wa ndege, taratibu, siku baada ya siku. Yeyote aliyepata kumwona mzee wa kijijini akisaga dawa juu ya jiwe ataijua kazi ile na subira yake.

Siku za kulala ni ndefu kuliko siku za kutembea, na mgeni aliyekosa wa kuzungumza naye kwa lugha ya kwao hutafuta kitabu. Livingstone alikuwa na Biblia, na katika muda aliokaa Manyema aliisoma yote mara nne. Karatasi zilimwishia, na wino pia. Hapo, mwaka 1871, alianza kuandika shajara yake juu ya gazeti la London, Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akaligeuza upande ili mistari yake ipite kwa kukata mistari iliyochapwa; na wino akaupika mwenyewe kwa mbegu za mzingefuri, ambazo watu wa Manyema walizitumia kutia rangi viramba vyao na kujipamba nyuso na vichwa. Rangi ile ilipauka kwa kupita miaka hata maandishi yakawa hayasomeki kabisa, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuyatangaza mwaka 2011. Kwa hiyo habari za Kabambare na Nyangwe za siku zile zimehifadhiwa kwa mbegu za mti wa nchi hii hii, na shajara yenyewe iko Blantyre.

Barua nazo zilikuwa ni msiba wa peke yake. Mkaaji wa ugenini huweza kuvumilia chakula kibaya na malazi mabaya, ila ukimya wa watu wa kwao humla moyo. Livingstone alikuwa ameandika barua nyingi kutoka Ujiji, na Waarabu wengine wa huko hawakupendezwa na kuzipeleka, kwa kuhofia kwamba zitaeleza Unguja na Uingereza namna biashara ya utumwa ilivyokuwa ikiendeshwa bara. Pale Unguja, John Kirk, aliyeshika kazi za balozi wa Uingereza, alikuwa ametuma watu na vitu. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu wengi na kuichelewesha misafara. Watu kumi ndio waliofika Kabambare tarehe 4 Februari 1871, nao walikuwa watumwa wa Mabaniani waliokodishwa, wakamletea barua moja tu, kwa kuwa arobaini zilikuwa zimepotea njiani. Tena waligoma pale pale, wakidai mshahara zaidi na kukataa kwenda mbele. Haki haiwezi kuwalaumu kupita kiasi: mtumwa aliyekodishwa na bwana wake kwa mtu asiyemjua, apelekwe mwisho wa dunia kuutafuta mto ambao haumhusu, ana sababu gani ya kuharakisha?

Alipokwisha kuondoka Kabambare alipewa zawadi inayostahili kutajwa. Tarehe 1 Machi 1871, mfanyabiashara Katomba alimpa kijike kichanga cha sokwe ambaye mama yake alikuwa ameuawa. Mnyama yule alinyosha mkono ili abebwe kama mtoto wa binadamu, na aliponyimwa alikunja uso kwa kilio kichungu, akapotoa mikono yake kama mtu aliyefiwa. Alijikusanyia majani akatandika, na mkeka akajifunika. Mtu yule aliyekuwa amezunguka Afrika miaka thelathini hakuweza kumchukua.

Alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwisho wa Machi. Soko la Nyangwe lilikuwa ni la wanawake hasa: huja kwa mitumbwi kutoka ng'ambo na samaki, vyungu, chumvi, kuku na mawese, wakabishana bei kwa vicheko mpaka adhuhuri. Livingstone, aliyekuwa amechoka kwa upweke, alikuwa akienda kukaa pale kwa ajili ya kusikia kelele zile za watu huru wakiuza na kununua. Alitafuta mtumbwi wa kununua na hakuupata, kwa sababu wenyeji walihofia kwamba kila mgeni avukaye hufuatwa na bunduki. Akamwahidi mfanyabiashara Dugumbe bin Habib reali 2000 na vitu vyake vyote vilivyokuwa Ujiji, ampe watu kumi wa kuwaweka mahali pa wale waliogoma. Kabla jibu halijatimia, tarehe 15 Julai 1871, watu watatu wa Dugumbe waliingia sokoni na bunduki, jambo lisilokuwa desturi, wakagombana na mwuza kuku, kisha wakaanza kupiga risasi katika umati wa watu wapatao 1500. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, wengine wakaogelea kwa kufuata mkondo mpaka vichwa vikatoweka kimoja baada ya kimoja. Waarabu wenyewe waliwahesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake, na Dugumbe akamzuia asijitie katika kisasi cha damu. Dugumbe huyo huyo alipeleka mtumbwi, akawaokoa baadhi ya waliokuwa wakizama.

Hapa ndipo msomaji anapotakiwa asifumbe jicho lolote. Mtu huyu alikula wali wa watu ambao biashara yao aliichukia, akatibiwa nao, akasafiri chini ya ulinzi wao. Na bila ya Muhammad bin Gharib asingaliona Kabambare wala kuandika neno moja juu ya Nyangwe. Fadhila zile zilikuwa za kweli, na watumwa waliolia usiku kwa madonda walikuwa wa kweli. Wako wanaowasifu Waungwana wa Manyema kwa ukarimu, misikiti na mashamba ya mpunga wakayanyamazia haya mengine, na wako wanaowalaani wakasahau kitanda kilichombeba mgonjwa. Makundi yote mawili yameisoma nusu ya shajara. Hata yeye Livingstone hakusalimika na hukumu hiyo, maana maandishi yake ya mzingefuri yanawasema watu wake mwenyewe kwa ukali zaidi kuliko kitabu kilichochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake.

Aliondoka Nyangwe tarehe 20 Julai. Njiani, katika vijiji vilivyokwisha kuchomwa na wafanyabiashara, alihesabiwa kuwa mmoja wao, na tarehe 8 Agosti mikuki miwili ilimkosa kwa kidogo, na mti mkubwa ukaanguka karibu naye, yote kwa siku moja. Alipofika Ujiji tarehe 23 Oktoba aligundua kwamba Sharifu aliyeaminiwa kuzitunza bidhaa zake alikuwa amepiga ramli kwa Msahafu, akaona kwamba mwenye mali amekufa, na akaiuza yote. Siku chache baadaye akafika Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta. Habari za Nyangwe zilizochukuliwa kutoka hapo hadi London ziliongeza ghadhabu iliyofikisha kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja, kwa mkataba alioutia sahihi Sayyid Barghash tarehe 5 Juni 1873.

Mwaka 1874 alikuja Verney Lovett Cameron, ofisa wa manowari. Yeye naye alifika Nyangwe mwezi wa Agosti akakosa mitumbwi, na ni mfanyabiashara mkubwa Tippu Tip aliyemchukua kituoni kwake na kumwonyesha njia nyingine, hata akatokea pwani ya Atlantiki Novemba 1875. Wa mwisho ninayemtaja hakuja kama mgeni. Daktari Sidney Langford Hinde, Mwingereza aliyetumika katika jeshi la Dola ya Kongo chini ya kamanda Dhanis, aliingia Kasongo siku mji ulipotekwa, tarehe 22 Aprili 1893. Maswali ya chakula na malazi yalijibiwa siku hiyo kwa nguvu ya bunduki: waliingia wakakuta vitanda vilivyochongwa vyenye magodoro ya hariri na atlasi na vyandarua vya hariri, mishumaa, sukari, viberiti na bilauri, ghala zilijaa mchele, kahawa na mahindi, na bustani zilikuwa na michungwa, mipera, mikomamanga, mananasi na miembe. Hata askari wa kawaida walilala katika vitanda vya wenyewe. Hinde aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1897 kwa mastaajabu, na ni ushahidi mkubwa wa ustaarabu uliokuwapo hapo Kasongo, ulioandikwa na mkono wa mmoja wa waliouvunja.

Walimu wa Kasongo na Kabambare, nawaombeni jambo moja. Shajara hizi zimewataja kwa majina wafanyabiashara wakubwa na majumbe, lakini wanawake waliotwanga nafaka ya mgeni yule, vijana waliomtekea maji siku zile themanini, na wavuvi wa Lualaba waliowalilia jamaa zao, hawakuandikwa majina. Picha za maandishi ya mzingefuri sasa zinasomeka na kila mwenye intaneti. Zichukueni, muwasomee wazee katika Kiswahili chao, na yale watakayowajibu yaandikeni, kwa tarehe na kwa jina la kijiji, kabla hawajafariki.