Houston: Gharama zilizojificha za nyumba za viungani

Katika jiji la Houston, jimbo la Texas nchini Marekani, familia nyingi hutafuta viwanja vikubwa katika viunga vya mbali ili kujenga nyumba kwa ramani zao wenyewe, kwani huko ardhi ni nafuu.

Hata hivyo, bei ya kununua si gharama yote.

Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, hivyo shule hutegemea sana kodi ya ardhi na majengo. Nje ya mipaka ya jiji, mitaa mingi huhudumiwa na wilaya maalumu za maji. Wilaya hizo hukopa fedha za kutandaza mabomba, na wenye nyumba hulipa deni hilo kwa kodi ya ziada. Kisheria, muuzaji hutakiwa kumjulisha mnunuzi kwa maandishi.

Hatari nyingine ni mafuriko. Mwaka 2017, wakati wa kimbunga Harvey, maji yaliyozuiwa na mabwawa ya Addicks na Barker yaliingia katika maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa nje ya maeneo yaliyotajwa kuwa ya hatari.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, mnunuzi hana budi kuuliza: kodi zote kwa mwaka ni kiasi gani, maji hutoka wapi, na yakifurika huelekea wapi.