Jiko la Waingereza

Mapishi ya nyumbani ya Uingereza ni mapishi ya oveni. Nyama huokwa, viazi huokwa, samaki hulazwa chini ya viazi vilivyopondwa wakaokwa, na matufaha yaliyo makali mno kuliwa mabichi hufunikwa unga na siagi yakaokwa vilevile. Chanzo chake ni baridi. Katika karne ya 19 jiko la chuma la makaa ya mawe lilienea majumbani, na kwa kuwa liliwashwa kutwa ili nyumba ipate joto, kuiacha oveni yake tupu ilikuwa hasara. Leo oveni ni ya gesi au umeme, lakini ada imebaki ileile: mpishi hutayarisha, hufunga mlango, halafu husubiri.

Aliyezoea pilau na mchuzi wa nazi huviona vyakula hivi kuwa chapwa. Kweli viungo ni haba: chumvi, pilipili manga, majani mawili matatu ya kunukia. Ladha hutafutwa penginepo, katika siagi, katika mafuta ya nyama, na zaidi ya yote katika ukoko. Mwingereza hupenda kilichogeuka kahawia kando, na ukoko ulioshika kwenye trei ya kuokea hautupwi. Hukorogwa kwa maji na unga kidogo hadi uwe mchuzi mzito, na bila mchuzi huo mlo wa Jumapili haujatimia.

Mlo huo huliwa mchana, na ndio kipimo cha mpishi. Pande kubwa la nyama ya ng'ombe, kondoo au nguruwe, au kuku mzima, huokwa kwa saa moja hadi tatu kulingana na uzito. Viazi mbatata huchemshwa nusu na kumwagwa maji, kisha sufuria hufunikwa na kutikiswa mpaka vichubuke. Michubuko hiyo ndiyo itakayoshika mafuta ya moto na kukauka vizuri. Kila nyama ina mwenziwe. Kondoo huandamana na nanaa iliyokatwakatwa ndani ya siki na sukari, nguruwe na matufaha yaliyopondwa, ng'ombe na mzizi mweupe wa jamii ya haradali unaopanda puani.

Pamoja na nyama ya ng'ombe huja pudini ya Yorkshire, ambayo si tamu wala si kitindamlo. Ni uji mwepesi wa unga, mayai na maziwa unaomiminwa katika mafuta yanayofuka moshi, ukavimba na kuacha shimo katikati la kupokea mchuzi. Oveni ikifunguliwa mapema, hunywea. Hannah Glasse aliichapisha kwa jina hilo katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1747. Kwao Yorkshire ilikuwa desturi kuila kwanza, kwa mchuzi tu, ili matumbo yawe yamejaa nyama ifikapo mezani, maana nyama ilikuwa ghali.

Ujanja huo wa kubana matumizi umo katika jiko hili lote. Pande la Jumapili halikukusudiwa kwisha Jumapili. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua nguo, kazi ya kutwa nzima, na mama wa nyumba hakuwa na nafasi ya kupika upya. Basi watu walikula kiporo. Kondoo aliyebaki alisagwa, akapikwa na vitunguu na karoti, akafunikwa viazi vilivyopondwa na kuokwa. Hiyo ni pai ya mchungaji, na ikiwa nyama ni ya ng'ombe huitwa pai ya kibanda. Kabichi na viazi vilivyolala hukaangwa pamoja mpaka vishikane, na chakula hicho kimepewa jina linaloiga sauti yake kikaangoni. Soseji zikiokwa ndani ya uji wa Yorkshire, mlo huitwa chura shimoni. Chura hayumo.

Kila upande wa nchi una chake. Lancashire hupanga nyama ya kondoo na vitunguu chunguni, juu vipande vya viazi kama vigae. Uskoti ina uji wa shayiri na biskuti nene za siagi, Wales ina vikeki vya zabibu vinavyookwa juu ya chuma bapa kama chapati, na Ireland ya Kaskazini ina mkate usiotiwa hamira, unaoumuliwa kwa magadi soda na mtindi. Maarufu kuliko vyote ni pai ya Cornwall, mfano wa sambusa kubwa ya nusu duara, ambayo wachimbaji wa bati na shaba walikwenda nayo mgodini. Tangu mwaka 2011 jina lake linalindwa kisheria: lazima itengenezwe Cornwall, nyama ya ng'ombe isipungue asilimia 12.5, na vilivyomo viingizwe vikiwa vibichi.

Neno pudini humtatiza mgeni, kwa sababu humaanisha pia chochote kitamu kinachofuata mlo. Utamu huo una historia chungu, kwani sukari iliyowazoesha Waingereza ililimwa na watumwa katika visiwa vya Karibi. Ushuru wa sukari ulipofutwa mwaka 1874, hata familia za vibarua ziliweza kula jamu na pudini mara kwa mara. Pudini za zamani zilikuwa nzito. Unga ulichanganywa na shahamu inayozunguka figo za ng'ombe, ukatiwa zabibu kavu au jamu, ukafungwa kitambaani na kuchemshwa kwa saa kadhaa. Zilimshibisha mtu anayefanya kazi kwenye theluji. Kwa anayeketi ofisini ni mzigo.

Juu yake humiminwa kastadi, na hapo pana kisa kinachostahili kusimuliwa. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, alikuwa na mke ambaye mayai yalimdhuru. Mwaka 1837 akamtengenezea kastadi isiyo na yai, ya unga wa mahindi, ambayo ndiyo asili ya ile ya manjano inayouzwa kwa makopo hadi Afrika Mashariki. Hamira nayo ilimdhuru bibi huyo, basi mwaka 1843 mumewe akabuni unga wa kuumulia, yaani beking pauda. Miaka miwili baadaye Henry Jones wa Bristol alipata hataza ya unga wa ngano uliokwisha kuchanganywa na kiumulio. Hapo keki ikawa rahisi kwa mpishi yeyote. Keki ya Victoria, iliyopewa jina la malkia, haina hata haja ya kitabu: mayai hupimwa na maganda yake, kisha unga, siagi na sukari huchukuliwa kwa uzito uleule, kila kimoja. Vipande viwili huokwa na kubandikwa kwa jamu.

Sifa mbaya ya chakula cha Uingereza imetokana kwa sehemu kubwa na vita. Mgao wa vyakula ulianza tarehe 8 Januari 1940 kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na haukwisha kabisa mpaka tarehe 4 Julai 1954, vita vikiwa vimemalizika miaka tisa nyuma. Kizazi kizima kilijifunza kupika kwa yai moja kwa wiki na unga wa mayai kutoka Marekani. Mara nyingi kilichotoka jikoni kilikuwa cha kusikitisha. Hata hivyo, ndipo ilipoenea pudini ya chengachenga: matunda yaliyofunikwa unga uliofikichwa na siagi kidogo, bila kusukumwa, kwa kuwa pai kamili ilikula mafuta mengi. Uhaba umepita, pudini imebaki, na huenda ndiyo inayopikwa zaidi majumbani.

Chai ni kinywaji, lakini kaskazini mwa Uingereza neno hilo ni jina la mlo wa jioni. Aliyealikwa kwa chai huko asile kwanza kwake. Chai ya alasiri ni jambo jingine, nayo huandamana na skoni. Msomaji asifikirie skonzi laini za hamira za Dar es Salaam: ya Uingereza huumuliwa kwa beking pauda, hukatwa duara na huliwa siku hiyohiyo. Devon hupaka krimu nzito kwanza kisha jamu, Cornwall hutanguliza jamu, na kila upande huuona mwingine umepotoka. Chai yenyewe, kwa sehemu kubwa, hutoka Kenya.

Wapishi wa nyumbani wa leo hupika tambi za Kiitalia na mchuzi wa bizari kwa wepesi uleule wa pai. Kuoka kulipata nguvu mpya mwaka 2010, shindano la televisheni la The Great British Bake Off lilipoanza. Mshindi wa 2015, Nadiya Hussain, ni binti wa wazazi waliotoka Bangladesh. Mgeni Mwislamu ana sababu ya kuuliza kabla ya kula, maana unga wa pai kwa desturi hukandwa na mafuta ya nguruwe na pudini ya Krismasi hutiwa brandi. Madukani ipo shahamu ya mimea.

Pudini inayopendwa sana siku hizi haina shida hiyo. Ilipata jina katika miaka ya 1970 kwenye hoteli ya Francis Coulson kando ya ziwa Ullswater. Ni keki ya tende zilizolainishwa kwa maji ya moto na magadi soda, iliyomwagiwa sosi ya siagi, krimu na sukari ya kahawia. Mpishi wa Lamu au Muscat anaweza kuijaribu kesho.