Sakafu Isiyotoa Jasho: Nasaha kwa Wanaojenga Visiwani



Kuna jambo ambalo mama wa nyumba hulijua kabla fundi hajalijua. Asubuhi ya masika huinua mkeka akaona upande wa chini umeota kuvu nyeusi na ukili umeanza kuoza. Huukung'uta mswala akasikia harufu ya uvundo. Nyumba ni mpya, saruji ilinunuliwa kwa akiba ya miaka, na bado sakafu hutoa jasho. Nasi watu wa pwani maisha yetu yako sakafuni: hapo twala, hapo twaswali, hapo watoto hulala, na hapo hukaa wafiwa siku za matanga. Sakafu mbovu haimwachi mtu wa nyumba akapumzika.

Neno lenyewe lina historia. Asili yake ni Kiarabu, saqf, yaani dari. Katika nyumba za mawe za Lamu maana hizo mbili zilikutana, kwani dari ya chumba cha chini ndiyo sakafu ya chumba cha juu. Wazee walilaza boriti za mikoko, juu yake wakapanga vipande vya mawe ya matumbawe, kisha wakamwaga chokaa iliyochanganywa na kokoto za mawe hayo hayo na kuipigilia kwa magongo mpaka ishikane. Boriti haikufika mbali, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu lakini upana wake ni kama mita 3 tu. Chokaa hupumua: hunywa unyevu, kisha huuachilia upepo unapopita. Wala hapakuwa na chuma cha kushika kutu.

Zege ya saruji ina tabia nyingine. Ni ngumu na hukauka upesi, na kwa msaada wa chuma hubeba chumba kipana. Lakini ilipoletwa visiwani, wengi wetu tuliimwaga kama inavyomwagwa bara, tukasahau kwamba hapa ardhi, maji na hewa vyote vina chumvi. Ndipo matatizo yakaanza.

Tatizo la kwanza hutoka chini. Maji ya ardhini hupanda ndani ya zege kama mafuta yapandavyo katika utambi, nayo hupanda na chumvi. Ukitaka kujua kama nyumba yako ina ugonjwa huu, chukua kipande cha plastiki kisicho na tundu, kitandaze juu ya sakafu tupu, kibandike kingo zote kwa utepe, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone chini ya plastiki, maji yanatoka ardhini. Ukikuta matone juu yake, basi ni hewa yenye unyevu inayogusa sakafu baridi, na dawa yake ni kufungua madirisha yanayotazamana ili upepo upite.

Kwa anayejenga upya, kinga ni rahisi kuliko tiba. Sakafu iinuliwe angalau inchi 6 juu ya uwanja, na zaidi penye bonde. Chini hupangwa mawe makavu yakashindiliwa vizuri, juu yake mchanga laini ili ncha za mawe zisitoboe, kisha plastiki nzito ya ujenzi. Vipande vya plastiki vipandane kiasi cha futi moja, na kingo zipandishwe ukutani. Plastiki hiyo bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ya saruji, lakini ndiyo ya kwanza kuachwa fedha zinapopungua. Ikishafunikwa na zege haiwezi kurudishwa tena.

Tatizo la pili ni chumvi iliyomo ndani ya zege yenyewe. Maji ya bahari hujuzu kwa udhu, lakini kwa zege yenye chuma ni sumu. Chumvi hukitia chuma kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo huipasua zege kutoka ndani. Mchanga wa ufuoni una madhara hayo hayo. Tumia mchanga wa bara, na maji yasiyo na ladha ya chumvi. Wala tusikimbilie machuguu ya mchanga ya Shela, kwani hayo ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya mji wa Lamu. Anayechota mchanga pale kwa ajili ya sakafu yake anakausha kisima cha mwenzake.

Penye chuma, zege ya kukifunika iwe kama sentimita 5, na chuma kiinuliwe juu ya vipande vidogo vya zege, kisilale juu ya plastiki. Lakini sakafu ya chini iliyoshindiliwa vyema, yenye unene wa inchi 4 na kugawanywa mapande ya mita 3 hivi, yaweza kusimama bila chuma kabisa. Chuma kisichokuwepo hakishiki kutu. Sakafu ya ghorofani ni jambo jingine: hiyo yataka mhandisi. Na mwenye nyumba ya kale asimwage zege nzito juu ya boriti, kwa kuwa uzito huzielemea na unyevu uliozibwa huozesha ncha zake ukutani.

Tatizo la tatu ni jua na upepo. Kaskazi huja na joto kali na kusi huja na upepo mkavishaji, na zege inayokauka haraka hupasuka. Kazi ianze baada ya Alfajiri, imalizike kabla jua halijapanda. Fundi asiongeze maji ili koleo lipite kwa wepesi. Lita 25 kwa mfuko wa kilo 50 zatosha, na mchanga ukiwa umelowa zipunguzwe. Zege ikishashika, ifunikwe magunia yaliyoloweshwa, yasiachwe kukauka kwa siku 7, na 14 ni bora zaidi. Hapa mzigo huwaangukia kina mama, kwani ndio wachotao maji. Basi yahesabiwe maji hayo tangu siku ya kupanga gharama, kama inavyohesabiwa saruji. Marumaru isubiri hadi mwezi upite.

Huko Lamu ilikuwa desturi baba kumwandalia binti yake nyumba anapoolewa, na nyumba hizo zimepita mikono ya mabibi, mama na wajukuu. Kwa hivyo dada usiogope kuuliza habari za plastiki na mchanga. Yaandikeni mapatano na fundi: kina cha zege, aina ya mchanga, siku za kumwagia maji. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufunza kuandika madeni ya muda. Maandishi hayamtuhumu mtu, bali humhifadhi fundi na mwenye nyumba pia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, na sakafu zake zibaki kavu chini ya vipaji vya nyuso za wanaosujudu. Amin.