Mwenzako Akikusomea Shairi Lake, Utamjibu Nini?

Katika kila kikundi cha akina mama hapakosi mmoja mwenye kipaji cha kutunga. Ndiye anayeombwa ngonjera za Pasaka, ndiye anayeandaa beti za kumuaga mwinjilisti aliyehamishwa, na binti akiagwa nyumbani yeye huandika mausia yanayopigiwa vigelegele kabla hayajafika mwisho. Mama huyu hakusomea kutunga. Hutunga akimenya ndizi, kisha huandika nyuma ya daftari la hesabu la mtoto. Tumemzoea, na tunajua la kumfanyia: tunapiga makofi.

Shida huanza siku anapotuletea shairi lisilofaa kupigiwa makofi, kwa kuwa limetoka kwenye ndoa yake, au kwenye kaburi. Akimaliza kusoma huinua macho kututazama, nasi tunatazama sakafu. Je, anangoja nini kwetu?

Anangoja jibu. Kwa desturi ya Kiswahili shairi ni kama barua. Halijatimia mpaka lijibiwe. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 na serikali ya Tanganyika, lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji. Wengi wa waliotunga walikuwa watu wa kazi nyingine kabisa, makarani na walimu, ambao usiku walihesabu mizani kwa vidole. Mmoja alitoa hoja au fumbo, na wenzake wa miji ya mbali walimjibu kwa shairi, mara nyingi wakifuata vina vyake vilevile. Gazeti lilitoka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mtunzi alihitaji subira. Shaaban Robert naye alichapisha humo kabla jina lake halijawa kubwa. Baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha Malenga Wetu, ambamo mashairi ya wasikilizaji yalighaniwa hewani, na wengi wetu tuliyasikia tukiwa jikoni kwa mama zetu.

Majina ya wanawake katika kurasa zile za zamani ni machache. Si kwamba wanawake hawakutunga. Mwana Kupona binti Msham, wa pwani ya kaskazini ya Kenya, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake. Kisha akawaomba wanawake wengine nao wausome. (Wanaousoma leo hubishana naye sana kuhusu mume na mke, nami ni mmojawapo. Lakini kubishana naye ni kumjibu.)

Hapa Arusha tunalitaja jina la malenga kila siku bila kufikiri. Uwanja wa mpira wa katikati ya jiji umepewa jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, aliyefariki mwaka 1964 akiwa amekwisha kuwa waziri. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Humo alifundisha kwamba shairi lina vina vinavyolingana na mizani iliyohesabiwa, na kwamba shairi ni lazima liweze kuimbika. Neno “mtoto”, kwa mfano, lina mizani tatu, maana ile “m” ya mwanzo nayo huhesabiwa. Sheria hizi ni nzuri na ndizo zinazofanya ngonjera zetu zishikike kichwani. Na ngonjera zenyewe, ambazo Mathias Mnyampala wa Dodoma alizieneza kabla ya kufariki mwaka 1969, ni nini kama si watu kujibizana?

Hata hivyo, kuna mtu anayekuja na shairi lisilo na kina hata kimoja.

DAFTARI LA KIKUNDI

Katika kikundi kimoja ninachokihudumia, kwenye miteremko ya Mlima Meru juu ya barabara ya Moshi, akina mama wana daftari kubwa linalozunguka nyumba hadi nyumba pamoja na ibada ya juma. Humo huandikwa michango, zamu za kutembelea wagonjwa, na nyimbo mpya. Mwaka mmoja mama kijana, aliyekuwa amezaa mtoto asiye na uhai mimba ikiwa ya miezi minane, aliandika humo shairi lake. Ameniruhusu kusimulia, bila jina lake wala la kanisa.

Shairi lilieleza jinsi alivyopikiwa mtori. Kwetu huku mzazi hupikiwa mtori apate nguvu na maziwa, na mama mkwe wake, kwa upendo na kwa mazoea, alipika. Akaunywa. Siku ya tatu maziwa yakaja, akajifunga kanga mbili ili yasionekane kwenye gauni. Ubeti mwingine ulitaja nguo ndogo zilizofuliwa tayari. Mwingine ulimtaja mtu aliyemwambia asilie, atamchukiza Mungu.

Daftari lilipomaliza mzunguko, chini ya shairi palikuwa na majibu. Wawili walinakili maneno ya Ayubu juu ya Bwana kutoa na kutwaa. Mmoja aliandika kwamba atapata mwingine, bado ni kijana. Mwalimu mmoja mstaafu alipigia mstari kwa kalamu nyekundu kila mahali vina vilipokosekana na kuandika pembeni “rekebisha”. Mwingine alitaka kujua aliyesema “usilie” ni nani hasa. Je, ni mama mkwe?

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini nilipomtembelea mtunzi aliniambia kwamba alijisikia kama mtu aliyebisha hodi akajibiwa na jirani wa nyumba ya pili.

Tuyatazame majibu hayo. Maneno yale ya Ayubu aliyasema Ayubu mwenyewe. Rafiki zake hawakumwambia. Wao walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na taabu yao ilianza walipofungua kinywa. Vilevile Zaburi ya 88 inamalizikia gizani, na hakuna aliyeiongezea ubeti wa furaha ili ipendeze. Kumpelekea mtu faraja kabla hujasikia anachosema ni njia ya kumfunga mdomo, hata kama faraja yenyewe ni ya kweli.

Kuhusu kalamu nyekundu, mwalimu yule si wa kwanza. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa diwani ya Kichomi yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani ya zamani, na mabishano yalikuwa makali. Wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Leo anasomwa pamoja na wale waliozishika sheria. Binafsi napenda vina, na beti zisizo na vina hunichosha upesi. Lakini mama aliyefiwa akikuletea shairi la kwanza maishani mwake, swali la vina lingoje mpaka aliulize yeye. Siku moja atauliza, kwa sababu kila mtunzi hutaka kazi yake iwe nzuri, na hapo mwalimu atahitajika sana.

Na ile hamu ya kujua nani ametajwa ubeti wa tatu? Hiyo imevunja nyumba. Mtunzi huweza kuchanganya watu watatu akamfanya mmoja, au kujisema yeye mwenyewe. Ukianza kutafuta mhusika mtaani, kesho hakuna atakayethubutu kuandika lolote katika daftari lile isipokuwa michango.

JIBU LILILOFIKA

Chini kabisa ya ukurasa, kwa mwandiko mdogo, mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni aliuliza tu: “Zile nguo umeziweka wapi?” Mtunzi alipopata daftari alimjibu hapohapo mistari sita: ziko ndani ya ndoo yenye mfuniko, hajui azitoe au azitunze, mume wake haulizi. Hilo ndilo jibu lililolifikia shairi. Aliyeuliza alikuwa amesoma neno kwa neno, akachagua kitu kimoja kilichomo, akakirudisha kwa mwenyewe.

Kwa kuwa mimi ni muuguzi, niliguswa zaidi na ubeti wa maziwa. Maziwa huja kati ya siku ya pili na ya nne, mtoto awepo asiwepo, na mara nyingi mama haambiwi hivyo anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Sidiria inayoshika vizuri na kitambaa cha maji baridi husaidia. Akamue kidogo tu pale anapoumia, maana kukamua sana huleta maziwa zaidi. Titi likiwa jekundu na homa ikipanda, aende zahanati. Na asipopata usingizi au kushindwa kula kwa majuma mawili, au akiandika kwamba hataki kuishi, hilo msilijibu kwa shairi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, mtu mmoja akae naye. Hayo niliyaeleza kikundini, na ubeti ule ndio uliofungua mazungumzo. Wanne waliniuliza maswali ambayo hawakuwahi kuyauliza kliniki. Mwaka 2021 pekee, watoto waliozaliwa bila uhai duniani walikadiriwa kufika milioni 1.9. Basi katika chumba cha akina mama thelathini, si ajabu kuwa na zaidi ya mmoja aliyenyamaza.

Alikuwepo. Koko mmoja, kama tunavyowaita bibi huku, asiyejua kusoma, aliomba shairi asomewe. Akaomba tena. Halafu akamwambia mjukuu wake ashike kalamu: wa kwake alikuwa wa kike, mwaka wa uhuru, alizikwa upande wa juu wa migomba na wanaume, yeye hakuonyeshwa mahali. Ndiyo maana hupalilia upande wote ule mwenyewe na hamruhusu mtu mwingine. Watoto wake wakubwa walikuwa hawajui.

Mwalimu wa kalamu nyekundu aliyaandika upya maneno ya koko kwa beti nne zenye vina, kwa ruhusa yake, nayo yakawekwa ukurasa uleule. Nilimwomba mama yule kijana anipe shairi lake lichapwe hapa. Alifikiri juma zima, kisha akakataa. Alisema waliomjibu anawajua nyumba zao.