Nyama choma ya ploti: namna ya kuchanga mwaka mzima bila kugombana

Karibu kila ploti ya Mathare ina mtu mmoja ambaye weekendi ikifika watu wanamuangalia yeye. Hana hoteli wala kibanda. Ako na nusu ya drum iliyokatwa, waya wa kuchomea, kisu kizuri na subira. Anapenda tu kuchoma, Januari hadi Disemba. Kwake jiko huwekwa uani chini ya kamba za nguo, na kwa wale wa magorofa ya Huruma na Mlango Kubwa, hupandishwa juu ya paa.

Kama mtu huyo ni wewe, moto unaujua kutuliko. Unajua makaa lazima yashike majivu meupe kwanza ndipo nyama iwekwe, mbavu hazitaki haraka, na chumvi inatosha. Mambo huharibika mara nyingi upande wa pesa: nani ametuma, nani bado, na ile pesa ya nyama imeenda wapi? Tumeandika makala haya kwa ajili yako. Kwa kuwa wateja wengi Nairobi hutumia M-Pesa, mifano yetu inafuata huduma hiyo na ada zake zilizoanza Julai 2023. Angalia kwenye simu yako kama zimebadilika.

Anza na gharama kamili

Kosa la kawaida ni kuhesabu nyama peke yake halafu mchomaji anajazia makaa na nyanya kutoka mfukoni. Akifanya hivyo mara nne, anachoka, na choma inaisha kwa ploti.

Tuchukue watu kumi, wewe ukiwa mmoja wao. Hizi ni bei za mfano, weka zako:

- Mbuzi kilo 4 kwa shilingi 700: 2,800
- Unga pakiti moja: 160
- Makaa mikebe 2: 200
- Nyanya, vitunguu, dhania, pilipili na ndimu: 240

Jumla ni 3,400, yaani 340 kwa kila mtu. Usipunguze nyama ukidhani itatosha. Nyama ikichomwa hutoa maji na mafuta, na inaweza kupoteza robo ya uzito wake au zaidi. Halafu mbuzi ana mifupa. Kilo 4 za bucha hazitafika kilo 4 kwenye sinia, kwa hivyo waambie watu mapema wasije wakashuku umewafichia.

Ada zinaweza kula makaa

Sasa angalia njia mbili za kulipa hiyo 3,400.

Njia ya kwanza: majirani tisa wanakutumia 340 kila mmoja. Kutuma kati ya 101 na 500 ni shilingi 7, kwa hivyo tayari wamelipa 63. Wewe unaenda kwa ajenti kutoa 3,400 yote, ada ni 52. Jumla 115 imeenda kabla hata moto haujawashwa.

Njia ya pili: kila mtu anatuma 100 kila Ijumaa kwa wiki tatu, na 40 wiki ya nne. Kutuma hadi shilingi 100 hakuna ada. Siku ya kununua, unalipa bucha 2,800 kwa namba ya till, na mnunuzi halipi chochote kwa till ya Lipa na M-Pesa. Unatoa 600 tu ya makaa, unga na mboga, ada 29.

Tofauti ni 86. Inaonekana ndogo, lakini mkichoma mara moja kwa mwezi, mwaka mzima ni 1,032, karibu kilo moja na nusu ya mbuzi kwa bei ya mfano wetu.

Njia ya pili pia inasaidia yule jirani wa kibarua. Mia moja kila Ijumaa anaipata. Ukimuitisha 340 Jumamosi asubuhi, atakuambia hali nyama siku hizi.

Pesa ikae kwa nani?

Hapa ndipo urafiki mwingi huvunjika. Kama mchomaji ana deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwa M-Pesa yake inakatwa moja kwa moja kulipa deni. Haijali kama ni mshahara au ni mchango wa nyama. Tuseme una deni la 1,000. Majirani watatu wakikutumia 340 kila mmoja, hiyo ni 1,020. Michango ya watu watatu imelipa deni lako, salio limebaki shilingi 20, na wao wana SMS zinazoonyesha wametuma. Hukuiba, lakini ni vigumu kueleza hivyo ukiwa umesimama mbele ya jiko tupu.

Kwa hivyo fanyeni hivi:

1. Mweka hazina awe mtu mwingine, si mchomaji. Achaguliwe mtu ambaye hana Fuliza wakati huo. Aulizwe wazi na ajibu wazi, si aibu.
2. Mkikosa mtu kama huyo, fungueni Pochi la Biashara kupitia *334#. Pesa inayoingia Pochi hukaa kando na salio la kawaida la laini hiyo. Ukiihamisha kwenda M-Pesa yako ya kawaida ndipo deni linaweza kuikata, kwa hivyo lipa moja kwa moja ukiwa Pochi.
3. Kila Ijumaa jioni mweka hazina aweke orodha kwa grupu ya WhatsApp: jina, kiasi, jumla. Mistari kumi inatosha.
4. Kubalianeni mapema kuhusu dharura. Mafuriko ya Aprili 2024 kando ya Mto Mathare yalitufundisha kwamba mambo hubadilika usiku mmoja. Amueni mkiwa watulivu kama pesa ya nyama inaweza kugeuka msaada kwa jirani, na ni watu wangapi lazima wakubali.

Siku ya kununua

Ukikaa Mathare una bahati: Kiamaiko iko karibu, na huko ndiko mbuzi wengi wa Eastlands huchinjwa. Nenda asubuhi. Angalia muhuri wa mkaguzi wa nyama kabla ya kuulizia bei. Kisha kwa simu:

- Uliza namba ya till ukiwa mbele ya bucha, usisome tu karatasi iliyobandikwa ukutani.
- Soma jina linalojitokeza kabla ya kukamilisha malipo. Kama bucha inaitwa jina moja na skrini inaonyesha lingine, uliza kwanza.
- Ngoja SMS ya kuthibitisha, na bucha naye aone yake. Kukiwa na foleni watu husema "imeenda" wakati bado.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, peleka ile SMS nzima ya muamala kwa 456 mara moja. Usipige simu kumgombeza mpokeaji kwanza. Kila dakika inayopita anaweza kuitoa, na ikishatolewa kuirudisha ni ngumu.

Kuna pia matapeli wanaojua kwamba siku za michango mweka hazina hupokea pesa kutoka kila upande. Anakutumia SMS inayofanana na ya kweli, halafu anapiga: "Nimetuma kimakosa, tafadhali nirudishie." SMS za kweli hutoka kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu. Lakini njia ya uhakika zaidi ni kuangalia salio kwa menyu. Kama halijaongezeka, hakuna kilichoingia. Kama limeongezeka kweli, mwambie apitie 456 kama wengine. Usirudishe kwa mkono.

Kalenda ya mchomaji

Januari, ile watu huita Njaanuari, karo imemaliza kila mtu. Usighairi. Punguza mchango uwe 50 kwa wiki na mchome mutura au matumbo badala ya mbavu.

Machi hadi Mei mvua huja. Makaa yakilowa yanatoa moshi na hayashiki, nawe unaishia kununua mara mbili. Nunueni makaa kabla ya mvua, mkiwa na pesa ya Februari, na myahifadhi juu ya mbao ndani ya gunia.

Juni hadi Agosti ni baridi na kila mtu anataka kukaa karibu na jiko. Likae nje. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Nyama ikiisha, zimeni moto hapo hapo uani.

Disemba wengi wanaenda ushago, na bei ya mbuzi hupanda. Choma kubwa ifanyeni mwishoni mwa Novemba. Mkibakisha pesa, gawaneni kabla watu hawajapanda magari, na kila mtu apate SMS yake.

Wakianza kuja wa ploti nyingine

Ukichoma vizuri, harufu haikai kwa ploti moja. Mtu atauliza kama anaweza kununua ya mia mbili. Akija mmoja ni ukarimu. Wakija kumi kila Jumamosi, hiyo ni biashara hata kama wewe unaiita hobby.

Hapo badilisha mambo mawili. Kwanza, pesa ya wateja isiingie laini moja na michango ya majirani. Chukua till au Pochi ya hiyo kazi peke yake, ndio ujue kama unapata faida ama unalisha mtaa bure. Pili, anayeuzia umma chakula Nairobi anahitaji kibali cha kaunti na cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula. Weka kando pesa ya hizo karatasi kutoka mauzo ya kwanza, kabla askari wa kaunti hajafika kukuuliza.

Kabla ya choma ijayo

Hesabu kila kitu pamoja na makaa. Changeni kidogo kidogo kila Ijumaa. Mweka hazina awe hana deni la Fuliza. Lipeni bucha kwa till. Na PIN ya mweka hazina ibaki ya mweka hazina peke yake, hata kama mikono yake imejaa mafuta na jirani amejitolea kumbonyezea simu. Anawe kwanza, bucha itangoja.