Safisheni Shemine Kabla ya Mvua



Bukavu iko mita 1.500 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua baridi yake tunaijua. Ndiyo maana nyumba za zamani za Nyawera, zilizojengwa wakati wa Wabelgiji, nyingine zina shemine. Shemine ni kitu kizuri, lakini inataka matunzo.

Kila mchimbaji anajua: hewa mbaya ndani ya galeri isipopata njia ya kutoka, mtu anaweza kufa bila kuguswa na jiwe. Nyumbani ni vilevile. Moto ukiwaka, hewa ya moto hupanda na kuvuta moshi kwenda nje. Njia ikizibwa na masizi, kiota cha ndege au tofali lililoanguka, moshi hurudi chumbani.

Moshi unaoonekana utawatoa machozi, nanyi mtafungua dirisha. Adui mkubwa haonekani: ni gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na miguu kulegea. Wengi hudhani ni malaria. Lakini malaria haiwashiki watu wote wa nyumba kwa saa moja, wala haipungui mtu akitoka nje.

Tena masizi yenyewe huwaka. Kuni mbichi hufanya masizi yanayonata kama lami, na moto wake ndani ya shemine unaweza kufika kwenye mbao za paa.

Fanyeni hivi kila mwaka, mwezi wa 7 au wa 8, paa likiwa kavu:

1. Acheni moto uzimike na shemine ipoe kabisa.

2. Zibeni mdomo wa chini kwa gunia lililoloweshwa. Fungeni kitambaa puani na mdomoni.

3. Fungeni burashi ngumu na kitu kizito kwenye kamba, mwishushe kutoka juu, mwivute tena mara nyingi. Mtu wa pili ashike ngazi.

4. Kusanyeni masizi ndani ya ndoo ya chuma, si ya plastiki.

5. Wekeni kioo chini, mtazame juu. Shemine iliyonyooka itawaonyesha mbingu.

6. Tafuteni nyufa. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilipasua kuta nyingi mjini kwetu, na ufa mdogo hupitisha gesi. Mwiteni fundi mwashi kabla ya kuwasha moto tena.

Shemine ikiwa mbovu, msiingize mbabula chumbani badala yake. Makala hayana moshi mwingi, lakini yana gesi ileile, tena nyingi. Mbabula ilale nje.

Mkimkuta mtu ameanguka karibu na moto, fungueni milango na madirisha, mtoeni nje upesi, mpelekeni hospitali apewe oksijeni. Msipoteze wakati kwa kumnywesha maziwa: hayaondoi sumu hii.

Kazini tunavaa kofia ngumu kila siku. Shemine inatudai nusu siku tu kwa mwaka, na wanaolindwa ni watoto wetu waliolala.